Puppy Linux ndani ya flashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya mtu anayetaka kutembea na mfumo mzima wa kompyuta mfukoni, auchomeke kwenye laptop ya mtumba yenye RAM kiduchu, kwenye kompyuta ya ofisini au ya cyber, afanye kazi yake, aondoke nao. Mifano yote ni ya Puppy Linux, hasa matoleo yake mawili, FossaPup64 9.5 na BookwormPup64.

Puppy inatofautianaje na Linux nyingine kama Ubuntu?

Ni familia ya mifumo midogo iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003. Ubuntu ukiisakinisha hutawanya maelfu ya mafaili kwenye diski. Puppy yote imebanwa ndani ya mafaili machache tu: `vmlinuz` (kiini cha mfumo), `initrd.gz` (kianzishi), faili kubwa kama `puppy_fossapup64_9.5.sfs` (mfumo wenyewe) na jingine linaloanza na `zdrv` (draiva). Ukiwasha kompyuta, mafaili hayo hunakiliwa kwenye RAM kama nafasi ipo, na kazi yote hufanyika humo. Ndiyo sababu programu hufunguka upesi hata kwenye mashine ambayo diski yake imechoka, au haina diski kabisa.

Faili la `.sfs` ni la kusoma tu, halibadiliki kamwe. Unachobadilisha wewe, iwe ni nywila ya Wi-Fi, programu mpya au picha ya mezani, hukaa kwenye tabaka la juu, ndani ya RAM, mpaka kihifadhiwe kwenye flashi. Likikuelea hili, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini hayatakupata.

Nipakue toleo lipi?

FossaPup64 9.5 ni ya mwaka 2020, inatumia vifurushi vya Ubuntu 20.04, na ISO yake (faili moja la kupakua lenye mfumo wote) ina takriban MB 410, kwa hiyo haimalizi bando. Ubaya wake ni kwamba muda wa kawaida wa matunzo ya Ubuntu 20.04 ulikwisha mwaka 2025. Kama utaitumia kuandika, kuokoa mafaili kwenye kompyuta iliyokufa au kusikiliza muziki, inafaa sana. Kama utakuwa mtandaoni kila siku, chukua BookwormPup64. Imejengwa juu ya Debian 12, na ni kubwa zaidi, lakini kivinjari chake na maktaba zake ni za karibuni.

Kompyuta yenye prosesa ya biti 32 haitakubali lolote kati ya hayo mawili. Hapo tumia BionicPup32, au uhamie antiX ya biti 32, Linux nyingine nyepesi.

RAM ya GB 2 inatosha kabisa. Kwa GB 1 Puppy yenyewe itakwenda vizuri, ila kivinjari chenye kurasa tano kitaelemewa, na hakuna Linux itakayokutibia hilo, kwani uzito uko kwenye kurasa zenyewe.

Flashi iwe ya ukubwa gani?

GB 8 inatosha, GB 16 ni raha. Kilicho muhimu kuliko ukubwa ni ukweli wa ukubwa huo. Flashi za «TB 1» au «TB 2» zinazouzwa kwa bei ya kutupa huwa na chipu ndogo ndani, pengine ya GB 16 au 32, na kidhibiti kilichofundishwa kuidanganya kompyuta. Utanakili mafaili bila kuona kosa lolote. Ukivuka ukubwa halisi, data mpya hufuta ya zamani au hupotelea hewani, na mfumo wako utakufa wiki ya pili bila sababu ya kueleweka.

Ipime kabla ya kuitumia. Kwenye Windows kuna programu ya bure, H2testw, inayoijaza flashi yote kisha kuisoma upya. Kwenye Linux sakinisha `f3`, kisha:

```
f3write /media/flashi
f3read /media/flashi
```

Weka mahali ambapo flashi yako imefunguka badala ya `/media/flashi`. Mstari wa `Data LOST` ukiwa na kitu kingine zaidi ya sifuri, irudishe dukani.

USB 3.0 inasaidia wakati wa kuwasha, ila kwa kuwa Puppy ikishapanda kwenye RAM haiigusi flashi mara kwa mara, hata USB 2.0 nzuri inafaa.

Nitajuaje kama ISO imeshuka salama?

Linganisha alama yake (msururu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili) na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa ulikoipakua. Windows: fungua Command Prompt, andika `certutil -hashfile fossapup64-9.5.iso SHA256`. Linux: `sha256sum fossapup64-9.5.iso`. Kama ukurasa umetoa MD5, weka `MD5` badala ya `SHA256`, au kwenye Linux tumia `md5sum`. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Usijaribu bahati. Mtandao wa kukatikakatika huacha ISO zilizopungua, na kosa lake hulioni mpaka katikati ya kuwasha.

Naiandikaje kwenye flashi nikiwa Windows?

Tumia Rufus, programu ya Windows ya kuandika ISO kwenye flashi. Chomeka flashi, hamisha kila kilichomo (kitafutwa chote), chagua ISO, kisha weka Partition scheme iwe MBR na File system (namna ya kupanga mafaili) iwe FAT32. Kwa mpangilio huo flashi itawaka kwenye mashine za zamani za BIOS (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta) na za UEFI, mrithi wake, pia. Rufus ikiomba kupakua mafaili madogo ya Syslinux (kianzishi cha flashi), ikubalie. Ikiuliza kati ya ISO Image mode na DD Image mode, chagua ISO.

Jibu hilo la mwisho ndilo watu wengi hulikosea. Ukichagua DD, flashi inakuwa nakala halisi ya CD, nayo CD haiandikiki. Puppy itawaka vizuri, utafanya kazi, lakini wakati wa kuhifadhi haitakuwa na pa kuweka kitu kwenye sehemu hiyo. Amri ya `dd` ya Linux, balenaEtcher, na EtchDroid inayotumika kwenye simu ya Android kwa waya wa OTG, zote huandika kwa namna hiyo hiyo.

Kitelezi cha Rufus cha kutenga nafasi ya kudumu hakiihusu Puppy. Kimetengenezwa kwa ajili ya Ubuntu na ndugu zake.

Nina simu tu, au flashi niliyoiandika kwa dd. Nimekwama?

Hapana. Iwashe Puppy kwa flashi hiyo, kisha chomeka flashi ya pili na uisakinishe Puppy humo ukiwa ndani ya Puppy yenyewe. Kwa maoni yetu hii ndiyo njia bora hata kwa mwenye Rufus, kwani inakupa patisheni mbili (sehemu mbili za flashi) zilizopangwa sawasawa.

Fungua GParted, programu ya kugawa diski, na uhakikishe kwenye kona ya juu kulia kwamba umechagua flashi ya pili, si diski ya kompyuta. Ukubwa ndio utakaokuonyesha: GB 14.5 ni flashi, GB 465 ni diski ya watu. Tengeneza jedwali jipya la aina ya `msdos`, kisha patisheni ya kwanza ya FAT32 yenye MB 512, na ya pili ya ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux) ichukue nafasi yote iliyobaki. Bonyeza Apply, halafu ipe patisheni ya kwanza bendera ya `boot`.

Baada ya hapo fungua FrugalPup, kisakinishi cha Puppy, kwenye menyu ya Setup. Kwanza elekeza mafaili ya Puppy yaende kwenye folda ndani ya patisheni ya ext4, kisha elekeza vianzishi viende kwenye FAT32. Kwa nini mbili? Kwa sababu UEFI husoma FAT32 tu, na Puppy nayo inahitaji ext4 ili iweze kuhifadhi kazi yako kwenye folda badala ya faili lenye kikomo.

Tahadhari moja. Flashi ya namna hii ukiichomeka kwenye Windows, itasoma patisheni ya kwanza, na ikiifikia ya pili itakuambia diski inatakiwa kufomatiwa kabla ya kutumika. Bonyeza Cancel. Kwenye kompyuta ya cyber, mwambie na mhudumu, maana mkono wake huwa mwepesi kuliko macho.

Kompyuta inairuka flashi na kuingia Windows moja kwa moja. Nifanyeje?

Izime, iwashe, na uanze kugonga kitufe cha kuchagulia kifaa kabla nembo haijaondoka. Dell, Lenovo na Toshiba nyingi ni F12. HP ni F9, au Esc kisha F9. Laptop za Asus ni Esc, na kompyuta zake za mezani F8. Acer ni F12 pia, lakini mara nyingi kitufe hicho kimefungwa, ingia kwenye BIOS kwa F2 na uwashe F12 Boot Menu. Mac za Intel, shikilia Option.

Ikionekana lakini ikakataliwa kwa ujumbe wa usalama, Secure Boot, kinga inayokataa mifumo isiyotambulika, ndiyo inayozuia. Izime kwenye BIOS. Kabla ya hapo, kama diski ya kompyuta hiyo imefungwa kwa BitLocker, hakikisha mwenyewe ana ufunguo wake wa tarakimu 48, la sivyo Windows inaweza kuudai itakapowaka tena na mkabaki mnatazamana. Kompyuta isiyo yako usiiguse mipangilio hiyo bila ruhusa.

Nimeizima mara ya kwanza, ikaniuliza kuhusu kuhifadhi. Nijibu nini?

Kubali, kisha chagua patisheni ya flashi. Kosa la kawaida hapa ni kuchagua `sda1`, ambayo mara nyingi ni diski ya kompyuta uliyoiazima. Ukifanya hivyo kazi yako inabaki kwa watu.

Kama patisheni ni ext4, chagua folda. Itakua yenyewe kadiri ya nafasi iliyopo. Kama ni FAT32, ni lazima iwe faili. Anza na GB 1 na uache ext4 kama mfumo wake wa ndani. FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4, kwa hiyo huko ndiko mwisho wa kukua. Faili likibanana, kuna chombo cha kulipanua kwenye menyu ya Utility, nayo nafasi mpya huonekana baada ya kuwasha upya. Kulipunguza haiwezekani, ndiyo maana si busara kuanza na GB 3.

Utaulizwa pia kama unataka kulifunga kwa nywila. Flashi hupotea kirahisi, hivyo kama utaweka barua pepe au nyaraka za watu humo, lifunge. Ukisahau nywila hakuna mlango wa nyuma.

Umeme ulikatika na kazi ya karibu nusu saa imepotea. Kwa nini, wakati nilishatengeneza faili la kuhifadhia?

Kwa sababu Puppy ikijua iko kwenye flashi (kigezo `pmedia=usbflash` kwenye mstari wa kuwashia) haiandiki kila badiliko papo hapo. Hukusanya kwenye RAM, kisha huhamishia kwenye flashi kila baada ya dakika 30, unapozima, au unapobonyeza alama ya `save` iliyo mezani. Imefanywa hivyo makusudi ili flashi isichakae kwa kuandikwa mfululizo. Umeme ukienda dakika ya 29, dakika 29 zimekwenda nao.

Panapokatika umeme mara kwa mara, fungua Puppy Event Manager, sehemu ya Save Session, na ushushe 30 iwe 10. Jizoeze pia kubonyeza `save` kila umalizapo jambo la maana. Lililo bora zaidi ni kuweka nyaraka zako ndani ya `/mnt/home`. Hiyo ndiyo patisheni yenyewe ya flashi, iko nje ya tabaka la RAM, na faili ukilihifadhi humo halisubiri zamu ya dakika 30. Usichomoe flashi kabla ya kuandika `sync` kwenye terminali au kuzima kwa utaratibu.

Inaniambia nafasi imekwisha wakati flashi ina GB 10 tupu.

Ni jambo lile lile. Umepakua filamu ya GB 1 kwenye folda ya kawaida, na folda hiyo iko RAM. Vitu vikubwa vyote vipeleke `/mnt/home`, na upange kivinjari kipakulie huko. Kwa BookwormPup64, kivinjari kikikataa kuandika humo, ni kwa sababu kinaendeshwa na mtumiaji mwenye mamlaka madogo anayeitwa `spot`. Tengeneza folda ndani ya `/mnt/home` na umpe haki (ext4 tu, FAT32 haina haki hizo):

```
mkdir /mnt/home/vipakuliwa
chown spot:spot /mnt/home/vipakuliwa
```

Programu kubwa kama LibreOffice ni afadhali ziletwe zikiwa faili la `.sfs` au AppImage (programu nzima ndani ya faili moja), ziwekwe kwenye `/mnt/home`, zisijaze hifadhi yako.

Saa imekwenda mbele kwa saa tatu.

Windows huandika saa ya mahali kwenye saa ya bodi. Linux ikiambiwa saa hiyo ni UTC (saa ya dunia), inaongeza 3, kwani Afrika Mashariki iko UTC+3, na saa 8 mchana inageuka saa 11 jioni. Kwenye dirisha la Quicksetup chagua eneo la saa (`Africa/Nairobi` au `Africa/Dar_es_Salaam`), kisha sema saa ya bodi ni `localtime`. Usiirekebishe kwa mkono, maana Puppy inaweza kuandika saa mpya kwenye bodi, na mwenye kompyuta akarudi Windows akute saa imerudi nyuma.

Ikiwa tarehe inasoma miaka mingi iliyopita na tovuti zote zinakataa vyeti, betri ya bodi imekufa. Ni CR2032, ile ya duara kama sarafu.

Wi-Fi haionekani kabisa.

Andika `lspci -nn | grep -i net` uone ni chipu gani. Broadcom ndizo sumbufu zaidi, kwa kuwa nyingi hudai firmware (programu ya ndani ya chipu) au draiva isiyo huru. Ili upate mtandao wa kupakulia kinachokosekana, chomeka simu ya Android kwa waya na uwashe USB tethering. Puppy itaiona kama kadi ya mtandao ya waya, kwa kawaida kwa jina `usb0`, bila kuhitaji draiva yoyote. Wengi huishia kuitumia hivyo hivyo moja kwa moja, kwani bando lenyewe liko kwenye simu.

Skrini imekuwa nyeusi baada ya kuhamia kompyuta nyingine.

Hifadhi yako imebeba mipangilio ya skrini ya kompyuta ya kwanza. Kwenye menyu ya kuwashia, chagua mstari usiotumia hifadhi, au hariri mstari (kitufe `e` kwenye GRUB, Tab kwenye Syslinux) na uongeze `pfix=ram`. Ikiwaka sawa, tatizo liko ndani ya hifadhi. Kama bado ni nyeusi, ongeza `nomodeset`. Ukiangukia kwenye terminali tupu, andika `xorgwizard`, chagua draiva ya `vesa`, kisha `xwin`.

Kwa flashi ya kutembea, usisakinishe draiva ya Nvidia. Ni nzuri kwenye kompyuta moja, ni balaa kwenye ya pili.

Inasimama na kusema faili la `puppy_...sfs` halikupatikana.

Ama nakala imeharibika, ama mlango wa USB umechelewa kuamka. Hamisha flashi kwenda mlango mwingine, hasa kutoka wa bluu kwenda mweusi, na usipitie kigawanyishi cha USB. Ikigoma kwenye milango yote, pima alama ya ISO na uandike upya.

Ni salama kutumia mfumo ambao karibu kila kitu huendeshwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote?

Hili ndilo jambo ambalo Puppy hulaumiwa nalo zaidi, na lawama ina ukweli. Kinga yake iko kwingine: mfumo wa `.sfs` haubadiliki, na ukiwasha kwa `pfix=ram` unaanza upya kila mara kama siku ya kwanza. Kwa malipo ya benki, washa hivyo, ingia kwenye tovuti ya benki peke yake, zima bila kuhifadhi. Washa pia firewall kwenye menyu.

Usichanganye na Tails, mfumo wa flashi uliotengenezwa kumficha mtumiaji mtandaoni. Puppy haiachi alama kwenye diski ya kompyuta usipoifungua, lakini haikufichi mtandaoni hata kidogo.

Naona diski ya Windows, ila siwezi kuandika humo.

Windows haikuzimwa kikweli, imelala kwa Fast Startup. Irudie, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, zima, kisha rudi Puppy. Kusoma na kunakili mafaili kwenda kwenye flashi kunawezekana hata bila hilo, nako ndiko kazi ya uokoaji inakohitaji.

Nawekaje akiba ya hifadhi yangu?

Washa kwa `pfix=ram` ili hifadhi isiwe inatumika. Faili linanakiliwa kama faili jingine lolote, popote. Folda ifunge kwanza, kwa sababu haki na viungo vya mafaili hupotea zikipita FAT32:

```
cd /mnt/sdb2/fossapup64
tar -czf /mnt/sdc1/akiba.tar.gz fossapup64save-kazi
```

Badilisha `sdb2`, `sdc1` na majina ya folda yafuate ya kwako. Siku nyingine unaweza kuongeza `pfix=fsck` kwenye mstari wa kuwashia, ili faili la hifadhi likaguliwe, hasa baada ya umeme kukatika. Hifadhi ya FossaPup usiipe BookwormPup. Hata ikiwaka, maktaba za mifumo miwili zitagongana, na kuzitenganisha ni kazi kubwa kuliko kuanza upya.

Lini niachane na Puppy nitumie antiX?

Unapotaka mtumiaji wa kawaida badala ya root, na hazina nzima ya Debian kupitia `apt` bila mazingaombwe. antiX ina chombo chake, live-usb-maker, na njia kadhaa za kuhifadhi kama `persist_root` na `persist_home`. Watumiaji wake wa mwanzo ni `demo` na `root`, nywila ni majina hayo hayo, zibadilishe siku ya kwanza. ISO yake kamili inazidi GB 1, kwa hiyo hesabu bando kwanza.